Beki wa Portsmouth na Uwanja wa Ushirika

Mtu akizunguka katika soko la Memorial mjini Moshi, mahali ambapo marobota ya mitumba hufunguliwa na watu wa kila hali huinama pamoja kuchagua, atazikuta jezi za vilabu vya Uingereza zilizofifia rangi mabegani, zenye majina ya washambuliaji mashuhuri mgongoni, na akisimama kitambo atang'amua ya kuwa bei hupanda na kushuka kwa kadiri ya sifa za jina lililoandikwa. Jina la Mnoga sijaliona hapo. Wala sistaajabu, kwa kuwa Haji Mnoga ni beki, tena beki wa daraja la nne, na sisi ambao kwa miaka mingi tumeketi katika vibanda umiza tukiitazama Ligi Kuu ya Uingereza kwa taadhima kubwa hatukupata kuzoezwa kutupa macho chini ya ligi ile. Walakini ndiye mchezaji ninayetaka kumzungumzia leo, kwanza kwa sababu ameitumikia Taifa Stars, na pili kwa sababu katika maisha yake ya kazi mna jambo linaloihusu Moshi zaidi ya mji mwingine wowote wa Tanzania.

Alizaliwa mwaka 2002 katika mji wa Portsmouth, bandari ya kale ya manowari kusini mwa Uingereza, akiwa na asili ya Tanzania katika nasaba yake. Akafunzwa mpira katika akademi ya klabu ya mji huo huo. Na mwezi wa Oktoba 2018, akiwa na miaka 16, umri ambao vijana wengi wa huku kwetu huwa wanahangaika na mtihani wa kidato cha nne, akaingizwa katika kikosi cha wakubwa kwa mara ya kwanza, katika mashindano ya EFL Trophy. Msomaji wa kurasa za michezo atatarajia kuambiwa ya kwamba tangu siku ile nyota yake iling'aa na matajiri wakaanza kumgombea. Haikuwa hivyo. Alipelekwa kwa mkopo Bromley, akapelekwa Weymouth, akapelekwa Gillingham, akapelekwa Aldershot, vilabu ambavyo mashabiki wengi wa Arsenal na Manchester United waishio Majengo au Kiboriloni hawajapata hata kuvisikia. Na mwaka 2024, wakati Portsmouth walipotwaa ubingwa wa daraja la tatu na kupanda, yeye alikuwa amevaa jezi ya Aldershot katika daraja la tano, kisha akaondoka moja kwa moja kwenda Salford City.

Katikati ya msimu huo wa Aldershot, Januari 2024, alikuwamo katika kikosi cha Taifa Stars kilichokwenda Ivory Coast kwa fainali za Afrika. Stars walifungwa 3-0 na Morocco, wakatoka sare ya 1-1 na Zambia, wakatoka suluhu na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakarudi nyumbani. Yalizuka maneno siku zile, na maneno yenyewe yalikuwa na dharau ndani yake: kwamba taifa zima, lenye watu zaidi ya milioni sitini, limekosa mlinzi mpaka linakwenda kuokota mtu wa daraja la tano ughaibuni. Wasemao hivyo nadhani hawakuuelewa mpangilio wa soka la Uingereza, na kwa kuwa kutokuuelewa huko ndiko kunakotufanya tusione tunachokikosa, itanibidi nikae hapo kidogo.

Chini ya vilabu 20 vya Ligi Kuu ya Uingereza yako madaraja matatu yenye vilabu 24 kila moja, jumla 92 pamoja na vile vya juu, na chini ya hivyo 92 liko daraja la tano ambamo karibu kila klabu huajiri wachezaji kwa mshahara wa kazi nzima. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Maana yake ni kwamba kijana aliyeshindwa kuingia katika kikosi cha kwanza cha klabu iliyomlea, ambaye huku kwetu angerudi kuendesha bodaboda na kusimulia jinsi alivyokaribia kuwa mtu, kule anayo madaraja mengine ya kushuka bila ya kutoka katika kazi yake. Na mkopo, ambao mashabiki wetu huutafsiri kuwa ni kutupwa, ndio shule yenyewe. Klabu mama hubaki na mkataba, klabu inayomwazima hugharimia sehemu ya mshahara, na kijana hupelekwa akapigane na washambuliaji wenye umri wa miaka 33, wazito, wajanja, wenye watoto wa kusomesha, ambao hawatamwonea huruma kwa kuwa ni chipukizi.

Kwa mlinzi shule hiyo haina badala. Mshambuliaji anaweza kuwa na akili ya kuzaliwa nayo ikamtosha mpaka miaka 20; mlinzi huiva kwa kukosea, na huhitaji mahali pa kukosea mara nyingi, mbele ya watu, katika mechi yenye pointi, kisha akachezeshwa tena Jumamosi inayofuata. Lini amfuate mtu na lini amwachie mwenzake, lini safu nzima ipande pamoja ili adui abaki ameotea, wapi pa kuweka bega mpira wa juu unaposhuka, namna ya kumchelewesha winga bila ya kumwingilia: mambo haya hayafundishwi kwa ubao. Mnoga huchezeshwa zaidi beki wa kulia, naye huweza kusimama katikati pia, na mtu anayepewa nafasi mbili na makocha wengi waliotofautiana tabia huwa amejifunza jambo ambalo fedha hainunui, nalo ni kutegemewa. Mnamo Januari 2025 Salford City walichapwa 8-0 na Manchester City katika Kombe la FA. Klabu haikuvunjika, wala walinzi wake hawakutukanwa mpaka wakaacha kazi. Ligi iliwasubiri, wakaendelea. Huko ndiko ninakokuita stahamala.

Mjadala wa uraia nitaupita haraka, si kwa kuudharau. Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, na kanuni za FIFA humtaka mchezaji wa timu ya taifa awe na uraia wa taifa hilo. Baina ya mawili haya wamo vijana wengi waliozaliwa ng'ambo na wazazi wa Kitanzania, na wabunge, mawaziri na wanasheria wamesema mengi na watasema mengine. Mimi naona kwamba hata sheria ingelegezwa kesho, tungekuwa tumepata njia ya kuvuna shamba ambalo hatukulilima, na swali la msingi lingebaki pale pale: nani alilima?

Jibu la swali hilo ni la ajabu kidogo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Portsmouth ni klabu iliyoasisiwa mwaka 1898, iliyopata kuwa bingwa wa Uingereza mara mbili mfululizo, 1949 na 1950, na iliyotwaa Kombe la FA mwaka 2008 kwa goli la Mnigeria Nwankwo Kanu. Mafanikio hayo ya 2008 yalijengwa juu ya mishahara ambayo klabu haikuwa na uwezo wa kuilipa. Wamiliki walipokezana, mmoja akija na ahadi kubwa kuliko mwenzake. Klabu ikawekwa mikononi mwa wafilisi Februari 2010, ikawekwa tena Februari 2012. Ikaporomoka kutoka Ligi Kuu mpaka daraja la nne katika muda wa miaka mitatu hivi. Madeni yalikuwa ya kutisha, na kwa mujibu wa hesabu za kawaida za biashara klabu ile ilistahili kufa.

Haikufa, kwa kuwa watu wa mji walikataa. Mashabiki waliunda chama chao cha amana, wakatangaza hisa kwa bei ya pauni 1,000 kila moja, na zaidi ya watu elfu mbili wakazitoa: wafanyakazi wa bandarini, walimu, wastaafu, na wale ambao pauni 1,000 zilikuwa nje ya uwezo wao waliungana kikundi kwa kikundi, wakanunua hisa moja kwa jina la pamoja. Aprili 2013, baada ya shauri kufika Mahakama Kuu, klabu ikawa mali yao. Haji Mnoga siku hizo alikuwa mtoto wa miaka 11 katika mji ule. Wamiliki hao wapya hawakununua nyota hata mmoja. Walilipa madeni, wakashika matumizi yasizidi mapato, na mwaka 2017 klabu ikatwaa ubingwa wa daraja la nne ikiwa bado mikononi mwao. Kijana aliyeingizwa uwanjani Oktoba 2018 alitoka katika klabu ambayo, kama si hisa zile za makuli na walimu, isingekuwapo.

Sasa na msomaji wa Moshi aseme mwenyewe kama habari hii ni ngeni kwake. Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilianzishwa mwaka 1925, miongoni mwa viongozi wake wa awali akiwamo Joseph Merinyo. Mwaka 1933 kikazaliwa upya kwa jina la KNCU, muungano wa vyama vya msingi vya milimani, na kikawa mfano ulioigwa na maeneo mengine ya nchi. Wakulima wenye vihamba vidogo, mtu na migomba yake na mibuni yake michache chini ya kivuli, kila mmoja peke yake hana nguvu mbele ya mnunuzi, waliungana wakauza kahawa yao kwa kauli moja. Fedha ile ikajenga shule, ikasomesha watoto, ikasimamisha majengo ambayo mpaka leo yanaonekana mjini. Serikali ilivivunja vyama vya ushirika mwaka 1976, na kwa sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mjini hapa mwaka 1963, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Nchi nzima, mtu akitaka kufundishwa jinsi wengi wenye kidogo wanavyoweza kumiliki kitu kikubwa kwa pamoja na kuandikiana kanuni zake, huja Moshi.

Na uwanja mkuu wa mpira wa mji huu unaitwa Ushirika.

Hebu tazama unavyotumika. Wazee huikumbuka timu ya Ushirika ya Moshi, iliyowahi kushindana na wakubwa wa nchi, ikapotea. Panone ikaja ikaleta matumaini katika daraja la chini, nayo ikafifia. Kisha Polisi Tanzania, iliyoweka maskani yake hapa, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2019 na ikadumu humo misimu minne mpaka iliposhuka mwaka 2023. Naishukuru Polisi kwa misimu ile, ila sharti niseme wazi: ilikuwa timu ya jeshi, si ya mji. Simba au Yanga walipokuja, jukwaa lilijaa nyekundu au kijani na njano, na wenyeji walikuwa wageni katika uwanja wao wenyewe. Timu iliposhuka sikuona mji ukiomboleza. Watu wa Portsmouth walipoiona klabu yao inakufa walitoa fedha zao, kwa kuwa mtu hukipigania kitu anachokiona chake, hakipiganii cha mwajiri wa mwenzake. Siku hizi siku iliyo kubwa kupita zote katika uwanja wa Ushirika ni ile ya Kilimanjaro Marathon, ambapo maelfu ya wageni huanzia hapo mbio zao na kuzimalizia hapo, hupiga picha na mlima nyuma yao, kisha huondoka. Mlima wenyewe, nikumbushe, umetumika kwa soka zaidi kuliko watu wake: jina lake limewahi kuwa kifuani mwa Taifa Stars kwa udhamini wa bia.

Nikirudi kwa walinzi, Watanzania hatukuwakosa kabisa. Leodegar Tenga, nahodha wa Stars iliyokwenda Lagos mwaka 1980 katika fainali zetu za kwanza za Afrika, alikuwa beki wa kati, na wakati huo huo alikuwa mhandisi. Baadaye akawa rais wa TFF tangu 2004 mpaka 2013. Namheshimu mno. Lakini mtu kama yeye alikuwa tunu, na soka ya ridhaa ya siku zile ilimpata kwa bahati tu. Ikabidi tungoje miaka 39 mpaka tulipoziona fainali za pili, na ilikuwa ni katika fainali zetu za nne, huko Morocco mwishoni mwa 2025, ndipo Stars walipovuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza, kisha wakatolewa kwa goli moja na wenyeji. Timu hiyo ilikuwa imechanganya waliolelewa nyumbani na waliolelewa ng'ambo. Nafurahi. Walakini furaha hainizuii kuuliza ni wangapi kati yao walitokana na klabu ya mji wa mkoani yenye makao, yenye hesabu, yenye watoto wa miaka 9 wanaofundishwa kila jioni. Na jibu nalijua kabla ya kuhesabu.

Watasema: mbona Salford, klabu iliyomchukua Mnoga, haikuinuliwa na makabwela bali na matajiri, akina Gary Neville na Ryan Giggs na wenzao wa zamani wa Manchester United, walioinunua mwaka 2014 pamoja na bilionea wa Singapore, ikafika daraja la nne kufikia 2019? Ni kweli, na njia hiyo ipo. Kwetu wako matajiri wa kutosha waliotoka Machame, Marangu, Kibosho na Rombo, isipokuwa fedha zao ziko Dar es Salaam pamoja na mapenzi yao ya mpira. Hata wangekuja, ningependa waje kama wanachama wenye kura moja kila mmoja, kwa sababu mlezi mmoja akichoka timu nzima hulala njaa, na mikoa yetu imejaa makaburi ya timu zilizozikwa siku mlezi wake aliposhindwa uchaguzi.

Watasema pia, na hoja hii ni nzito zaidi: ushirika wenyewe je? Ni nani mkulima wa mlimani asiyejua habari za malipo yaliyocheleweshwa, madeni yaliyolimbikizwa, mali iliyouzwa katika mazingira ya kutatanisha, mpaka baadhi ya watu wakang'oa mibuni yao wakapanda nyanya na parachichi? Siwezi kuikanusha hoja hiyo bila ya kudanganya. Naongeza ya kwamba hata Portsmouth wenyewe, mwaka 2017, walipiga kura na wengi wakaridhia kumwuzia klabu Mmarekani Michael Eisner, aliyekuwa mkuu wa Disney, kwa kuwa uwanja wao mkongwe wa Fratton Park ulihitaji fedha ambazo hisa zao hazingeweza kuzitoa. Basi ushirika si dawa ya kila maradhi. Lakini tazama walichokiuza: klabu isiyo na deni la kuitisha, yenye watoto katika akademi yake, kwa bei waliyoijadili wenyewe, kwa kura iliyohesabiwa hadharani. Mwenye kitu ndiye mwenye hiari ya kukiuza. Moshi haina cha kuuza wala cha kukataa kuuza.

Fauka ya hayo, uaminifu uliopotea mjini haujapotea milimani kwote. Mifongo, ile mifereji ya kale inayoleta maji ya msitu mpaka kwenye vihamba, ingali inaendeshwa katika vijiji vingi na watu wanaojuana kwa majina, wenye zamu za maji, zamu za kufukua tope, na faini kwa asiyetokea siku ya kazi. Hakuna afisa anayewasukuma. Chama cha kuendesha timu ya watoto hakihitaji elimu iliyopita hiyo. Kinahitaji daftari, mkaguzi, na kanuni ya kwamba asiyelipa hapigi kura.

Pendekezo langu, kwa hiyo, ni la tarehe na mahali. Kila mwezi wa Desemba barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari ya wana wa Kilimanjaro wanaorudi nyumbani, na katika majuma mawili hayo hufanyika vikao vya ukoo na michango ya makanisa, barabara na zahanati ambayo jumla yake ingeweza kuanzisha vilabu kadhaa. Mkutano wa kwanza uitishwe kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, palepale Ushirika, walimu wa chuo kikuu waandike rasimu ya katiba, hisa ikatwe kwa kiasi ambacho mama muuza ndizi wa Mbuyuni anaweza kukilipa kidogo kidogo kwa mwaka mmoja au akaungana na wenzake kama walivyofanya watu wa Portsmouth, na fedha za miaka mitatu ya kwanza zisimsajili mchezaji hata mmoja. Zilipe makocha wa watoto, zinunue mipira na dawa za majeraha, zikodi uwanja. Na ikiwa mkutano utakuwa na nafasi ya kuajiri kocha mmoja tu wa kuanzia, naomba awe ni mtu aliyepata kucheza beki.